Sajini Anataka Nipande Kabla ya Mama Mkwe

Mpendwa Mama Jerusha,

Naomba unisaidie upesi kabla mvua ya Machi haijafika, kwa sababu ikishanyesha ushauri wako utanikuta nimeshaharibu upande mmoja wa nyumba hii au ule mwingine, na sijui ni upi ulio afadhali kuharibu. Mimi ni Mkisii niliyeolewa Ndhiwa, na mume wangu alikuwa sajini jeshini mpaka alipostaafu na kurudi nyumbani mwaka wa tisini na tatu. Tafadhali badilisha majina yetu, maana yeye husoma ukurasa wako kila wiki, hucheka shida za watu, na hunisomea kwa sauti nikiwa napika.

Tulikutana Nakuru, karibu na kambi, mimi nikiuza ndizi na yeye akijifanya anapenda ndizi. Hakujua Kikisii na mimi sikujua Kijaluo hata cha kuombea maji, kwa hivyo tulichumbiana kwa Kiswahili, tukaoana kwa Kiswahili, na mpaka leo tukigombana tunagombana kwa Kiswahili cha kambini. Nikikumbuka siku zile Mama Jerusha moyo unalainika, nyumba ilikuwa chumba kimoja, saa niliijua kwa tarumbeta, asubuhi wanawake wote wa laini yetu tunapiga pasi za makaa huku tunaulizana nani amepata barua kutoka nyumbani, na jioni Javan, wacha nimwite hivyo, anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi na kunieleza yote waliyofundishwa kana kwamba mimi ndiye kuruti. Nilikuwa namsikiliza mpaka chakula kinapoa.

Kila mwaka wakati wa kupanda ukikaribia sisi wake wa askari tulikuwa tunatumwa nyumbani kulima, na ndivyo nilivyomjua mama mkwe wangu, nimwite Phelesia. Mara ya kwanza nilikuwa na mimba ya mwanangu Bravin, nimezungukwa na lugha nisiyoielewa, nikaona hapa nitakufa kwa upweke. Siku ya mvua ya kwanza, jua halijatoka, nikasikia mlangoni, "Nyar Kisii, chiew," yaani binti wa Kisii, amka. Akanipa kibuyu cha mbegu, akatangulia na jembe, yeye anachimba, mimi natia na kufukia kwa mguu, na kila shimo ananifundisha neno, huu ni udongo, hii ni mbegu, huyu ni mdudu mbaya, na nikitamka vibaya anacheka mpaka anashika kiuno. Kijaluo nilikisoma nyuma ya mgongo wa yule mama. Tukimaliza kipande chake ndipo tunaingia changu, na baadaye tunakula nyoyo, mahindi na maharagwe aliyoyachemsha jana yake, sufuria moja, vidole vyetu bado vina udongo. Miaka yote niliyokuwa mke wa kambini sikuwahi kukosa siku hiyo, na sijui kama kuna siku niliyoipenda zaidi.

Mila ya huku unaijua mwenyewe, mama wa boma ndiye anayetia mbegu ardhini kwanza, ndipo wake wa wanawe wafuate, na anayemruka mama anaiingiza nyumba kwenye chira, ule ugonjwa wa kukonda usio na dawa, umpate yeye au watoto wake. Sisi ni Wasabato, na mama pia ni Msabato wa kuketi kiti cha mbele, lakini jambo hili sijasikia mtu yeyote akilibishia.

Sasa ndipo ukaja mradi. Kanisa lilituletea wafadhili wa mahindi, na kwa vile Javan ana sauti na huamka mapema wakamchagua mwenyekiti wa kikundi, naye akaleta mambo yake ya jeshi. Alifundishwa kwenye kozi moja kwamba vitani hashindi mwenye bunduki nyingi, hushinda anayejua kuamua, na kuamua kuna hatua zake, unaangalia, unajua umesimama wapi, unaamua, unatenda, halafu unarudi kuangalia tena kile ulichotenda kimezaa nini, unazunguka hivyo hivyo upesi kabla adui hajamaliza mzunguko wake. Alilichora hilo duara kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo ya kikundi. Adui yetu, alisema, ni mvua kukatika kabla mahindi hayajabeba.

Na usidhani namcheka, kwa sababu lilifanya kazi. Zamani tulikuwa tunagawana plau kwa ujirani tu, wa huku leo, wa kule kesho, na ng'ombe wanachoshwa na udongo mweusi wa bondeni ungali mkavu kama tofali huku mashamba ya juu yenye mchanga yakingoja bure. Javan akashuka bondeni mwenyewe, akauliza wenye ng'ombe, akaigeuza zamu, mashamba ya juu kwanza, bondeni baada ya manyunyu ya kwanza kulainisha. Mwaka ule tulimaliza kulima mapema kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, na wazee wakamshika mkono, na nilimwona akitembea tena kama anayeenda paredi.

Halafu akaleta vijiti. Kila shamba la mwanachama lina kijiti kando ya njia, mvua ya kwanza ikinyesha kinafungwa kitambaa cheupe, siku ukipanda kinafungwa chekundu, naye anazunguka kuona nani amebaki mweupe na kupima kwa kamba kipande kilichopandwa. Upande wa pili wa hiyo kamba ninaushika mimi, kwa hivyo siku hizi mvua ya kwanza ikinyesha sipo nyumbani, tangu alfajiri niko na Javan kwenye mashamba ya watu, na mama yuko kwake na jembe lake. Wiki inapita, nyingine inaingia, mama hajapanda, kwa hiyo na mimi sijapanda, na kijiti cha mwenyekiti ndicho kinachobaki cheupe kijiji kizima kikishakuwa chekundu. Javan anasema ni goti la mama. Misimu miwili imekuwa hivyo, na watu wamepata la kusema, wanamwuliza sajini kama kile kitambaa cheupe ni cha kusalimu amri.

Jumapili iliyopita kwenye mkutano alisimama, akasema ameangalia na ameamua, mwaka huu mvua ikinyesha mke wake atapanda siku hiyo hiyo bila kumngoja mtu, na wake za wanachama wengine wafuate mfano. Monicah, jirani yangu ambaye mdomo wake hauna breki, akamwuliza, "Sajini, huko jeshini ulikuwa unafyatua risasi kabla ofisa hajasema?" Watu wakacheka. Javan hakucheka.

Habari zilimfikia mama kabla sisi hatujafika nyumbani. Mbegu zake, mahindi yaliyofungwa pamoja kwa maganda yake, huwa yananing'inia jikoni kwangu juu ya moshi yasiliwe na wadudu, kwa sababu jiko lake linavuja. Tulikuta ameyashusha yote na kuyabeba kwake. Nikamfuata, akaniambia kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma, "Nyar Kisii, kama si mimi wa kwanza, basi mimi ni mgeni hapa, na mgeni haweki mbegu zake jikoni kwa watu." Tangu siku hiyo nikimpelekea chai anasema ameshakunywa.

Javan naye anasema, "Mama Bravin, amri imeshatoka mbele ya watu." Wakubwa wa mradi wanakuja msimu huu kuviona vijiti, na nikikataa atajiuzulu, kwa sababu mwenyekiti asiyesikilizwa na mke wake atawaambia nini wenzake. Alisema hivyo ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtu mwenye baridi, nikamhurumia, maana namfahamu, tangu avue zile nguo za jeshi ni mradi huu tu uliompa tena sababu ya kuamka.

Nikipanda nampoteza mama aliyenifanya mtu wa hapa, na mtoto akipata hata mafua nitajua ni mimi niliyeyaleta. Nisipopanda namvunja mume wangu mbele ya kikundi chake. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwa. Niambie nifanye nini.

Nyar Kisii, Ndhiwa

Mama Jerusha anajibu:

Mama Bravin,

Jibu lako nalitoa mapema usije ukaunguza mboga ukilitafuta: usipande kabla ya mama. Majina nimebadilisha kama ulivyoomba, lakini mwenye vijiti akisoma atajijua tu, na ni vizuri ajijue, maana na yeye nina maneno naye.

Nianze na wewe. Pole sana, mwanangu, mzigo huo ni mzito na umeubeba katikati ya watu wawili unaowapenda. Lakini umeniandikia kurasa kwa kurasa, umenieleza ng'ombe, udongo, kamba na vitambaa vya rangi mbili, na sijaona mahali hata pamoja ulipoandika kwamba mtu alimwuliza mama kwa nini anachelewa. Javan anasema ni goti. Goti ni la Javan? Wewe unayekijua Kijaluo kwa sababu yeye alikufundisha, ulishindwaje kumwuliza kwa Kijaluo hicho hicho?

Rudia kuisoma barua yako mwenyewe. Kwa miaka yote uliyotoka kambini kuja kupanda, yule mama hakupanda peke yake hata siku moja. Alikuja mlangoni kwako akakuita. Tangu vijiti vije, akija mlangoni alfajiri ya mvua anamkuta nani? Wewe uko kwa watu unavuta kamba. Kutia mbegu shimoni na kufukia kwa mguu, ukiwa na umri wake na umeshika jembe, ni kazi ya watu wawili, na hata isingekuwa ya watu wawili, yeye ameizoea ya watu wawili. Mimi naona mama anakungoja wewe. Naweza kuwa nimekosea, niko Homa Bay na yeye yuko Ndhiwa, ndiyo sababu nakwambia kamwulize.

Sasa wewe, sajini, uliyefika mpaka hapa ukicheka. Duara lako ni zuri, nalisema bila mzaha. Nimeona miradi mingi huku kwetu ikifa kwa sababu watu waliamua mara moja, wakatenda mara moja, wakapigwa picha, na hakuna aliyerudi kuangalia. Ungekuja kwetu ungetufaa. Lakini duara lako mwenyewe lina hatua ya pili, ile ya kujua umesimama wapi, na hiyo umeiruka kama mtu anayeruka dimbwi. Kwa habari ya ng'ombe ulifanya vizuri, ulishuka bondeni, ukauliza wenye ng'ombe, ndipo ukaamua. Kwa mama yako ulitazama kijiti kutoka njiani ukaenda moja kwa moja kutoa amri. Kijiti kinaweza kusema shamba limechelewa. Kwa nini limechelewa, hicho hakijui.

Umesimama kwenye boma la mama yako, Javan. Huko kambini hakuna mtu angekupa cheo cha kumpita mkubwa wako kwa sababu tu anatembea polepole. Monicah alikuambia hayo mbele ya watu, ukanuna badala ya kusikia.

Na kuna jambo jingine linalonishangaza kwa mtu aliyesomea kupima. Siku ambayo mama anamhitaji msaidizi wake ndiyo siku unayomchukua huyo msaidizi ukamshikishe kamba. Unamwondoa shambani, halafu unakuja kupima shamba limechelewa kiasi gani. Kamba yako ndiyo inayochelewesha shamba lako, baba. Ungeuliza ungejua tangu msimu wa kwanza.

Usiniambie umeshatoa amri. Amri iliyotolewa mbele ya watu hurudishwa mbele ya watu, na haikuondolei nywele hata moja kichwani. Simama Jumapili ijayo useme, "Niliangalia vibaya, nimeangalia tena, nimebadilisha." Hujashindwa hapo, hilo ndilo duara linazunguka, na wale wanaokutania habari ya kusalimu amri watapata kitu cha kujifunza. Wake za wanachama nao watapumua, maana nina hakika kuna boma zaidi ya moja ambako wiki hii watu hawasalimiani kwa sababu yako.

Juu ya mila yenyewe nawaambia ninyi wawili kitu ambacho mmoja hakukijua kwa kuzaliwa Kisii na mwingine alikisahau kwa kukaa sana kambini. Mama mkwe wangu pale Rodi Kopany alikuwa mkali, hakuna alichokipenda kwangu, kuanzia namna nilivyoshika ufagio mpaka chumvi yangu. Miaka yake ya mwisho mgongo ulikataa kuinama. Tulimwekea kigoda karibu na mlango wake, akapanda kipande kisichozidi mkeka wa kulalia, mbegu moja moja, huku akituambia tunamharakisha kama watu wanaokimbia kodi. Mchana wa siku hiyo hiyo wakaza wana wote tulikuwa mashambani mwetu. Mila inataka mkono wake uwe wa kwanza. Ukubwa wa shamba haikuutaja popote.

Kwa hiyo, Mama Bravin, kesho usipeleke chai. Peleka kibuyu. Kaa chini, umwambie umemkosea kwa kutokuwepo, umwulize anataka nini alfajiri ya mvua, halafu unyamaze mpaka amalize, hata akianza na habari za mwaka wa themanini. Mwulize kama angekubali kuanza na kipande kidogo mlangoni siku ya kwanza, wewe nyuma yake, na kile kikubwa umsaidie akiwa amepumzika. Usimwambie ni kwa ajili ya kijiti. Mwombe mbegu zake zirudi kwenye moshi wako, maana zikiharibika na wadudu huko kwake hakutakuwa na wa kwanza wala wa mwisho. Javan aje baadaye, bila duara na bila chaki, aketi mahali pa chini kuliko mama yake na amwambie mwenyewe kwamba amri imerudishwa. Asikutume wewe ukamsemee.

Mvua ya kwanza ikinyesha, mwaka huu nenda wewe ukagonge kwake. Kamba mpeni Monicah, nimempenda. Sajini azunguke na vijiti vyake kuanzia siku ya pili, na msimu ukiisha aangalie kama kipimo kimebadilika. Akiona hakijabadilika arudi kuuliza tena, kwa maana hiyo ndiyo kazi aliyojipa.

Na kama mama atakataa yote haya, ngojeni. Kijiti kibaki cheupe mbele ya wakubwa wa mradi na Javan awaeleze kwa nini, Kiswahili anacho. Mahindi yakipungua msimu mmoja mtanunua sokoni mkinung'unika kama sisi wengine.

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Mama mkwe wangu alifariki mwaka wa tisini na moja, na sasa mimi ndiye ninayepanda kwanza kwetu. Hakuna wa kunichelewesha. Mvua ikinyesha leo, kesho alfajiri natoka na jembe, boma zima limelala likiningoja mimi, na kila mwaka nasimama pale kidogo kabla ya kuchimba, nikitamani atoke mtu anigombeze. Wako bado yupo. Nenda kesho asubuhi.